Miungu ya Walthamstow

Vikokotoni, Unguja
9 Machi 1973

Mdogo wangu Himid,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tu wazima, tunashukuru. Mama goti linamsumbua lakini ulimi haumsumbui: kila unapoanza kusoma habari kwenye redio huamuru watu wote wanyamaze, kisha yeye peke yake huzungumza mpaka umalize. Halafu huuliza umesema nini. Nasra anasomesha darasa la tatu na watoto wanamwogopa, jambo ambalo mimi mamake sikulitarajia. Cherehani yangu bado inatulisha. Mchele ni wa foleni, lakini tunaupata.

Barua hii nimempa mkononi Alnashir, yule mwenye duka la dawa, anayekuja huko kutibiwa macho. Sikuitia posta, na wewe hutaniuliza kwa nini. Akifika mpe chai, usimpe siasa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nasra ameposwa. Kijana anaitwa Haroub, anasomesha hesabu skuli hiyohiyo. Ana adabu, ana baiskeli, na Nasra anamtaka. Mimi nimeridhika. Lakini ndoa haifungwi bila ya walii, na walii wa binti ni babake. Babake ni Khelef. Na Khelef, tangu apande meli kama seremala mwaka ule wa sitini na nne, tulichopata kwake ni kadi moja ya posta kutoka Rotterdam, mwaka wa sitini na saba. Baada ya hapo kimya.

Ami yake Nasra, Masoud, alikuja juzi na tasbihi yake. "Ndugu yangu amekufa, Bi Salha," akaniambia. "Tumsomee hitima, tuyamalize."

Nikamwuliza, "Umeota, au umemzika?"

Akasema mtu hanyamazi miaka sita akiwa hai. Najua anachokitaka. Khelef akiwa amekufa, walii ni yeye Masoud, na yeye ana mtu wake wa kumwoza Nasra, tajiri mmoja wa Dar es Salaam mwenye wake wawili tayari. Khelef akiwa hai, hata akiwa mwisho wa dunia, Masoud hana neno: idhini ya baba ikija na mashahidi, kadhi ataozesha.

Wewe kazi yako ni habari. Nitafutie shemeji yako. Sisemi umrejeshe. Nataka kujua kama yu hai, na kama yu hai, atoe idhini mwanawe aolewe na anayemtaka.

Dada yako,
Salha


Wembley, Landani
20 Mei 1973

Dada Salha,

Shikamoo, na mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi sijambo. Bado nimepanga chumba juu ya duka la Harish na mkewe Kalpana, Wahindi wa Kisumu. Duka ni la mboga na viungo, kwa hiyo nguo zangu zote zinanukia bizari. Alnashir nilimpokea, na madaktari wamempa matumaini. Kalpana alimlisha mpaka akaomba radhi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikwenda kwenye nyumba ya mabaharia, huko mashariki ya mji karibu na gati. Jina la Khelef lipo kwenye orodha ya meli iliyomshusha Rotterdam mwaka wa sitini na saba. Baada ya hapo hakuna meli iliyomwandika. Hilo nalijua kwa hakika. Linalofuata silijui kwa hakika. Nakueleza kama nilivyoliona.

Wiki iliyopita mwenzetu wa ofisini alikuwa anaagwa, tukapelekwa kwenye baa moja iliyo chini ya hoteli, katikati ya mji. Niliagiza juisi ya nanasi, nayo ikaja ndani ya nanasi. Wenyewe huziita baa za tiki. Tiki ni sanamu la mti la watu wa visiwa vya Polinesia, kule upande wa pili wa dunia, na Wazungu wamelipenda kiasi cha kujenga baa nzima kwa ajili yake. Unashuka ngazi, unakuta paa la makuti ndani ya nyumba ya zege. Marehemu baba alihangaika maisha yake yote ili atoke kwenye makuti aingie kwenye bati, na hapa watu wanalipa ili wakae chini ya makuti. Taa zimetiwa ndani ya samaki bunju waliovimbishwa kama mpira, wakakaushwa. Kila baada ya muda mfereji wa darini hufunguliwa na maji humwagika nje ya dirisha la uongo, ili walevi wadhani mvua inanyesha. Nje mvua ilikuwa inanyesha kweli.

Mlangoni kulikuwa na masanamu mawili marefu kama mtu, yenye meno na macho makubwa. Nikasogea kuyatazama kwa sababu ya mchongo wake. Kila moja lilikuwa na mstari mwembamba uliokatwa kuzunguka shingo, kutoka sikio hadi sikio. Nikapita nyuma yake, mahali ambapo mteja hafiki. Mgongoni kulikuwa na mnyororo na samaki, kama kwenye fremu za milango ya mjini kwetu.

Unakumbuka Khelef alivyokuwa akichonga simba na bakora za kuwauzia wageni wa meli? Siku moja nilimletea chakula karakana, nikamwuliza kwa nini anawaharibu simba wake kwa kuwakata shingo. Akaniambia ndivyo alivyofundishwa na fundi wake: Mwislamu akichonga chenye mfano wa roho, akikate shingo, kisiwe na mahali pa roho kupita. Kisha kinakuwa gogo tu, na yeye hana dhambi ya kuumba.

Si ushahidi. Mafundi Waislamu ni wengi duniani. Lakini sijui wangapi wanajua pia mnyororo na samaki wa Unguja. Chini ya kitako cha sanamu kuna muhuri: Imetengenezwa Uholanzi. Na Uholanzi ndiko Khelef alikoshukia. Baa za aina hii ziko katika miji mingi ya Ulaya, na kazi yangu itanipeleka huko mwaka huu. Nitazitafuta.

Mdogo wako,
Himid


Vikokotoni
2 Agosti 1973

Himid, mdogo wangu,

Salamu ni nyingi kuliko karatasi. Mama hajambo. Amepata habari kwamba umekonda. Amezipata kutokana na sauti yako. Nasra hajambo, anajifanya hasubiri kitu. Mkate umeadimika tena lakini muhogo upo, na asiyekula muhogo hajapata njaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kicheko. Ndoa ya Kiislamu imekwama, na mdogo wangu, aliyehitimu Kurani chuoni kwa Maalim Faki akavishwa kilemba, anazunguka vilabu vya pombe vya Ulaya kuitafutia walii! Mama nimemwambia unatafuta kwenye majumba ya sanaa. Usije ukajisahau redioni.

Mstari wa shingoni naujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikifagia vumbi la mistari hiyo. Sijamwambia mtu, hata Nasra. Nisije nikampa baba wa mti.

Masoud kaja tena. Safari hii kaja na halua. Nimekula halua, na jibu sikumpa. Amesema kadhi amempa muda: nikileta habari za Khelef kabla ya mwezi wa Maulidi, vyema, nisipoleta, Khelef atahesabiwa amekufa na Nasra ataozwa na ami yake mwezi huohuo wa mfungo sita. Nilikwenda mwenyewe kwa kadhi kuuliza. Ni kweli.

Nasra aliposikia hakulia. Alisema, "Mama, nikiozwa kwa huyo wa Dar es Salaam nitakwenda, kwa sababu sitaki ugombane na watu. Lakini usiniombe nicheke." Basi ndivyo tulivyo.

Pale mlangoni, kwenye hiyo baa, ulisikia harufu gani ya mti? Khelef alikuwa akinukia msaji hata siku ya Idi.

Salha


Wembley
18 Novemba 1973

Dada Salha,

Shikamoo. Natumai Idi iliwakuta salama, na kwamba nguo niliyompa Alnashir alete imemtosha mama. Hapa baridi imeingia, na mafuta yameadimika kwa sababu ya vita vya Waarabu na Waisraeli. Watu wanapanga foleni ya petroli. Harish anasema amehama Kisumu ili aje kupanga foleni. Msaji sikuunusa, kile chumba kilikuwa kimejaa moshi wa sigara.

Nimerudi juzi kutoka Brussels, nilikopelekwa kuripoti mazungumzo ya biashara baina ya Ulaya na nchi zetu. Mchana niliandika kuhusu karafuu na sukari. Jioni nilitafuta baa za tiki.

Brussels ipo moja, juu ya sinema. Nilikwenda na Sione, karani katika ujumbe wa Tonga, ambayo ni Polinesia yenyewe. Nilidhani yeye atanifafanulia masanamu. Alisimama mbele ya moja lililomzidi urefu, akaniuliza, "Huyu nani?"

"Mungu wenu," nikamwambia. "Ndivyo nilivyoambiwa."

"Sisi Wamethodisti," akasema.

Kisha akalizunguka, akaliangalia mashavu, akasema linafanana na mjomba wake anayefanya kazi forodhani. Ndiye aliyelishika ili mimi nipate kulipindua kidogo na kutazama chini. Mhudumu alitukaripia. Sione akamwambia kwa upole kwamba anasali, na mhudumu akaomba msamaha. Mstari wa shingoni ulikuwepo. Mgongoni mnyororo na samaki. Chini, muhuri wa Uholanzi.

Hamburg nilipata mbili. Moja ilikuwa na masanamu ya plastiki. Nikanywa maji, nikatoka. Ya pili ilikuwa na manne ya mti, yote yamekatwa shingo, na mwenye baa alinieleza kwa fahari kwamba huo mstari ni ishara ya kale ya makabila ya Bahari ya Kusini. Sikumsahihisha. Alinipa anwani ya muuzaji wake, Amsterdam.

Amsterdam nilifika Jumapili, siku ambayo magari yamekatazwa kutembea kwa ajili ya uhaba wa mafuta. Mji mzima ulikuwa kimya na watoto wanateleza barabarani kwa viatu vya magurudumu. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye ghala. Muuzaji alikuwepo na alinikaribisha vizuri mpaka nilipouliza masanamu anayachonga nani. Hapo akafunga mdomo. Alidhani mimi ni mfanyabiashara ninayetaka kumwibia fundi. Nilimwonyesha kitambulisho cha kazi. Ikawa mbaya zaidi, akadhani naandika habari yake. Nilimwambia ni mambo ya harusi. Akafungua mlango, akanionyesha njia.

Hapo ndipo nilipo. Nina hakika kwamba mkono ni wa Khelef. Sina hakika kwamba mwenye mkono bado yu hai, kwa sababu sanamu hukaa ghalani miaka. Nitajaribu tena Amsterdam mwezi wa kwanza, mkutano ukirejea. Nashukuru kwamba hamjaninyamazia. Ningekuwa na habari njema zaidi ningeiandika kwanza.

Himid


Vikokotoni
6 Januari 1974

Himid,

Salamu. Sote wazima.

Hii nimeitia posta, kwa hiyo ni fupi. Mama amepata mwiko mpya na anautumia. Masoud ameanza kununua mchele wa harusi. Bwana wa Dar es Salaam amekuja kututembelea, mtu mzito, mpole, hana kosa lolote ila siye anayetakiwa. Haroub hajaja tangu siku ya ziara hiyo. Baiskeli yake naiona ikipita mbali.

Mfungo sita ni mwezi wa tatu wenu huko. Najua unajua.

Salha


Wembley
17 Februari 1974

Dada Salha,

Shikamoo. Naanza na habari, salamu zitafuata: Khelef yu hai, na ametoa idhini. Hati imo humu, kwa Kiarabu, na mashahidi wawili. Inaletwa na Alnashir, aliyerudi kuonwa macho yake mara ya pili na sasa anaona kuliko mimi.

Sasa shikamoo mama, na mpongeze Nasra. Nakueleza kwa mpangilio.

Amsterdam sikwenda. Mwezi wa kwanza hapa umeme ulikuwa wa mgao na Kalpana alikuwa akifua kwa mkono. Akapekua mifuko ya koti langu kabla ya kulitia maji, akapanda juu na viberiti mkononi, vile vya bure vinavyotolewa na baa, nilivyokuwa nikichukua ili nikumbuke anwani. Akavipanga mezani. "Himidbhai, hii nini? Yote ya baa. Hamburg baa, Brussels baa. Wewe nakunywa sasa? Mama yako najua?"

Nilikuwa sijawaambia chochote. Wao hawali nyama wala hawanusi pombe, na niliona haya wajue mpangaji wao anashinda wapi. Ikabidi nieleze, mbele ya mshumaa, na Harish akiwa amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye masanamu yenye mstari shingoni, Harish akanikatiza.

"Meno makubwa? Nyuma iko samaki?"

"Ndiyo."

"Hiyo iko kwa Balwinder. Walthamstow. Yeye ndiyo alinitengenezea kaunta ya duka. Nyuma ya karakana yake yamejaa hayo. Mimi nilifikiri ni ya kanisa."

Kumbe yule muuzaji Mholanzi hachongi kitu. Anayanunua Landani, anapiga muhuri wake, anayauza Ulaya nzima, pamoja na Landani kwenyewe. Nimevuka bahari kumtafuta mtu ambaye ningemfikia kwa treni ya chini ya ardhi, na kwa kuwauliza wenye nyumba yangu. Nimewaomba radhi. Kalpana alinijibu kwa kunipakulia.

Walthamstow ni mwisho wa njia ya treni. Kuna mtaa mmoja mrefu sana wa soko, na karakana iko uchochoroni nyuma yake. Balwinder ni Kalasinga wa Nairobi, alikuwa fundi wa reli. Alinitazama nilipojitaja, akasema, "Wewe ndiyo ile mtu ya redio? Sauti yako kubwa, bwana, mwili kidogo." Akanipitisha katikati ya miungu. "Ona mambo ya dunia. Karakana ya Singa, fundi Mwislamu, muhuri ya Mholanzi, mnunuzi Mjerumani. Hiyo mtu ya Polinesia pekee yake ndiyo hana habari." Kisha akatuacha, akaenda mbele kuuza meza.

Khelef alikuwa amepiga magoti mbele ya gogo, taa ya mafuta pembeni. Nywele ni nyeupe. Mikono ni ileile.

"Shemeji," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Unakohoa wiki mbili sasa," akasema. "Kwenye habari za jioni. Hunywi dawa?"

Kumbe alikuwa akinisikiliza muda wote. Nikamwuliza kwa nini hakunitafuta. Akaipuliza vumbi patasi yake. "Ungeniuliza nafanya kazi gani. Kisha Salha angekuuliza wewe. Ningesema nini? Nachonga miungu ya walevi?"

Nikamwambia Nasra ameposwa. Akasema Nasra ni mtoto. Nikamwambia Nasra ni mwalimu, na darasa linamwogopa. Aliweka patasi chini. Nikamweleza yote: Haroub, Masoud, mwezi wa Maulidi. Aliuliza jambo moja: "Nasra anamtaka huyo kijana?" Nikasema anamtaka. Lakini alipoelewa kwamba yeye ndiye anayetakiwa kutoa idhini, alitikisa kichwa. "Mimi si walii wa mtu. Nenda mwambie Salha umenikuta kaburini." Nilikaa mpaka taa ilipokaribia kuzima. Hakubadilika. Nikarudi Wembley, na usiku ule niliandika barua ya kukwambia nimeshindwa. Sikuipeleka.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa Harish. Amevaa kanzu chini ya koti, kanzu imenyooka kwa pasi. Akasema, "Twende kabla sijabadili nia." Tulikwenda kwenye msikiti mdogo wa Walthamstow, imamu wake ni Mpakistani, mtu makini. Khelef alitamka idhini mbele yake na mbele yangu, na amemfanya Maalim Faki kuwa wakili wake wa kuozesha. Sauti ilimkatika mara moja, akarudia tangu mwanzo, ikatoka nzima.

Baada ya hapo alinikaribisha kwake. Ni vyumba viwili juu ya duka la samaki. Ni pasafi, mapazia yamepigwa pasi. Balwinder alikuwa kazini, kwa hiyo mezani tulikuwa wawili. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wenye ukwaju wa kutosha. Chai ikaja kwenye sinia, vikombe vitatu, ina tangawizi. Hakuuliza habari zako, nami sikumpa. Alipokuwa ananisindikiza ngazini alisema, "Salha anashona bado?" Nikasema anashona.

Amempa Alnashir kifurushi cha Nasra. Ndani yake mna kisanamu cha tiki, kirefu kama kiganja. Nilimshauri asipeleke kitu kama hicho katikati ya mambo haya. Alisema, "Asije akaambiwa na watu. Aone mwenyewe babake anafanya nini."

Himid


Vikokotoni
12 Mei 1974

Mdogo wangu Himid,

Salamu kutoka kwa watu walioshiba. Mama hajambo, alicheza lelemama kwa kukaa. Nasra ameolewa na Haroub mwezi wa Maulidi, Alhamdulillahi, na nyumba bado inanukia udi. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipokaa kuandika alikuja mtu kunipongeza.

Tulikaribia kushindwa, nikueleze. Hati ilifika, tukaenda kwa kadhi: mimi, Maalim Faki, Haroub na wazee wake. Masoud akaja na watu wake. Kadhi akasoma, akasema hati iko sawa. Masoud akauliza, kwa utaratibu kabisa, "Na huyo ndugu yangu anafanya kazi gani huko?"

Ningeweza kusema seremala. Maalim Faki alinitazama nami nikaona si pahala pa nusu ya kweli. Nikatoa kisanamu kwenye mkoba, nikakiweka juu ya meza ya kadhi, na meno yake.

Watu wakasema astaghafirullahi kama mawimbi. Masoud akasimama. "Mnaona? Anatengeneza masanamu! Kwa ajili ya vilabu! Huyo ni fasiki, na fasiki hawi walii. Walii ni mimi." Na kwa sheria, Himid, kama ni fasiki, Masoud alikuwa na haki. Haroub alikuwa anatazama sakafu.

Kadhi alivaa miwani, akakichukua kile kitu, akakigeuza mgongo, akakirudisha uso. Kisha nikaona kidole chake kinapita shingoni, polepole, kikazunguka mpaka kikakutana kilipoanzia.

"Nani alimfundisha huyu fundi?" akauliza.

Maalim Faki akamtaja.

"Basi alimfundisha vyema. Masoud, tazama. Kilichokatwa shingo si sanamu, ni gogo. Mtu aliye peke yake kwenye nchi ya watu, hakuna anayemwona, hakuna anayemwuliza, na kila gogo analikata shingo. Huyo ndiye unayemwita fasiki?"

Mzee mmoja wa upande wa Haroub akasema kutoka nyuma, "Kama kachinjwa kwa bismillahi, basi na tumle." Hata Masoud alicheka, nami namshukuru kwa kicheko hicho, kwa sababu baada ya hapo alikaa. Siku ya harusi alikuja, akabeba sinia za pilau mwenyewe. Ule mchele aliokuwa ameununua ndio tuliopika.

Nasra amekiweka kisanamu juu ya kabati la vitabu. Haroub ana wasiwasi nacho kidogo lakini hajasema.

Mshukuru Kalpana kwa kupekua mifuko. Mshukuru Harish, mshukuru Singa, na yule Mmethodisti pia popote alipo. Wewe sijui nikushukuru vipi, kwa hiyo nakuombea, na nakuamrisha unywe dawa ya kikohozi.

Sasa lililobaki. Umeandika barua nzuri, kama taarifa ya habari, hukuacha kitu. Mezani mlikuwa wawili, umesema, na chai ikaja vikombe vitatu. Himid, nimekaa na Khelef miaka kumi na moja. Hajui nazi inakunwa upande gani, na pasi alikuwa akiiogopa kama nyoka. Tena ni mtu wa kukaa na jambo mwezi mzima. Jioni anasema mwambie Salha nimo kaburini, asubuhi yuko mlangoni kwako na kanzu iliyonyooka. Usiku ule kuna mtu aliyemsemesha. Hukutaka kunidanganya na hukutaka kuniumiza, ukajaribu yote mawili kwa barua moja. Jina lake sikuulizi.

Nilikasirika. Sikukwambia uongo mwanzo, nisikwambie mwisho. Nilishona siku mbili bila kusema na mtu. Kisha nikamwona Nasra anacheka jikoni, nikafikiri kwamba huyo mtu hakuwa na faida yoyote katika harusi ya mwanangu. Angeweza kumwacha Khelef alale. Khelef akitaka kuandika talaka, aandike, akitaka asiandike; mimi nina kazi na, inshallah, wajukuu. Lakini huyo aliyemwamsha sitamwacha bila ya kitu.

Nilikwenda Darajani kwa Bhanu kutafuta kanga. Nikamwambia, "Nataka ya kumpelekea mke mwenzangu, isiyo na tusi."

Bhanu alinitazama juu ya miwani. "Bi Salha, mimi nauza kanga miaka thelathini. Ya mke mwenza bila tusi? Hiyo hakuna anayenunua. Nani atatengeneza?"

Tulisoma majina yote yaliyoandikwa kwenye kanga za dukani, yeye anafungua, mimi nakataa. Kila jina lilikuwa na mwiba, au mimi ndiye niliyeuona mwiba. Mwishowe alikwenda nyuma akarudi na doti moja iliyoharibika kiwandani. Pindo zima, mji mzima, rangi nzuri ya zambarau, lakini mahali pa jina pamepita patupu. Alitaka kunipunguzia bei. Nikakataa, nikailipa kama nzima.

Imo kwenye furushi hili, pamoja na kilemba cha baba wa bibi harusi, ambacho Masoud hakukiomba wala sikumpa. Kilemba mpe Khelef. Kanga mpe aliyeleta chai. Haina la kusoma wala la kujibu. Ajifunge tu.

Dada yako,
Salha